Wanaimba au wanatania? Kuielewa pop-panki kupitia albamu ya bendi isiyojulikana

Wiki mbili zilizopita nilikutana na albamu ya kwanza ya bendi ambayo hakuna mtu ninayemfahamu aliyewahi kuisikia. Vijana watatu, nyimbo 12, dakika 27. Niliifungua kwa sababu ya picha ya jalada tu: kiti cha plastiki kilichovunjika mguu mmoja kimeegemezwa ukutani, na mtu amekikalia hivyo hivyo, mikono kifuani, kama yuko kwenye kiti cha enzi. Kufika wimbo wa nne nilikuwa nacheka peke yangu. Kufika wa sita nilikuwa bado naimba kiitikio cha wa pili, huku wa sita wenyewe ukinipita.

Nikafanya kosa la mtu aliyefurahi: nikawatumia marafiki wanne bila maelezo yoyote. Wa kwanza akajibu, "Hii ni komedi au muziki?" Wa pili, "Si umesema panki? Mbona wanaimba kama wanakwaya?" Wa tatu akalalamika kwamba kila akianza kuuzoea wimbo, umekwisha. Wa nne akauliza swali moja tu: kama ni wazuri hivyo, mbona hawajulikani?

Nilianza kuwajibu mmoja mmoja, kisha nikaona kwamba maswali hayo manne ndiyo yanayorudi kila pop-panki inapotajwa. Na siku hizi inatajwa sana, tangu rapa wa Marekani Machine Gun Kelly alipotoa albamu ya namna hiyo 2020 na mwimbaji Olivia Rodrigo akafuata 2021 kwa nyimbo zenye magitaa ya kukwaruza, mabishano yakaanza upya kuhusu nani ni panki na nani anajifanya. Jina la bendi yangu siliweki hapa. Hili si tangazo, na ukishaielewa mashine inavyofanya kazi utakutana na bendi za namna hii hadi uchoke.

Tuanze na maneno yenyewe. Panki, kwa wengi wetu, ni mtindo wa kunyoa: pembeni kumekwanguliwa, katikati nywele zimesimama. Mtindo ulipata jina kutoka kwa mashabiki wa muziki, na muziki wenyewe ulishika moto katikati ya miaka ya 1970, New York na baadaye London. Wakati huo muziki wa roki ulikuwa umenenepa. Nyimbo zilifika dakika kumi, mpiga gitaa akianza solo unaweza kwenda kuoga ukarudi ukamkuta palepale, na vyombo vyao vilihitaji lori. Panki ikaja kama mtu anayehamisha samani chumbani. Vikabaki gitaa, besi, dramu, sauti na haraka. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba huhitaji ruhusa ya mtu, wala mafunzo ya miaka kumi, ili upande jukwaani.

Pop si aina moja ya muziki. Ni nia. Ni muziki uliotengenezwa ili uwanase watu wengi, na chambo chake ni kiitikio. Basi pop-panki ni mwendo na kelele za panki zilizobeba tuni za pop. Kuna jaribio rahisi ambalo halijawahi kuniangusha: chukua wimbo unaoutilia shaka, uupige kwa gitaa kavu, polepole. Ukibaki na wimbo mtamu wa mapenzi ambao shangazi yako angeuimba akifua, hiyo ilikuwa pop-panki. Ukibaki na mtu anayefoka, ilikuwa panki tu.

Hapa ndipo uzushi wa kwanza unapoingia. Wengi wanasimulia kwamba kulikuwa na panki halali, kali, ya mitaani, halafu California ya miaka ya 1990 ikaichakachua kwa sukari. Kalenda haikubaliani nao. Ramones, bendi inayotajwa kwanza kila panki inapozungumzwa, ilianzishwa Queens, New York, 1974, na watu waliopenda mno nyimbo za pop za miaka ya 1960. Jina lenyewe walilitoa kwa Paul McCartney wa Beatles, ambaye aliwahi kujiita Paul Ramon. Wote wanne wakajipa ukoo wa Ramone, ingawa hawakuwa ndugu hata kwa mbali. Manchester, Buzzcocks walikuwa wanaimba mapenzi na aibu za ujana kabla muongo haujaisha. Derry, Ireland ya Kaskazini, vijana wa Undertones walitoa 1978 wimbo wa ujana mtamu kiasi kwamba mtangazaji John Peel wa BBC aliupiga redioni mara mbili mfululizo. Sukari ilikuwa ndani ya chungu tangu moto unawashwa.

Sasa tuingie jikoni, kwa rafiki yangu wa pili aliyesikia kwaya.

Nitatumia neno kodi, na si ile inayolipwa serikalini. Ni sauti kadhaa za gitaa zinazolia kwa pamoja. Aliyewahi kuimba kwaya anazijua do, re, mi, fa, so, la, ti. Kodi ya kawaida kabisa ni do, mi na so pamoja, na katika hizo tatu mi ndiyo iliyobeba siri. Ishushe nusu hatua tu, na kodi iliyokuwa inatabasamu inajiinamia. Wapiga gitaa wa panki walifanya nini? Wakaing'oa mi. Wakabaki na do na so, sauti mbili zisizo na furaha wala huzuni, ngumu kama tofali. Kuna sababu ya kiufundi: ukiikwaruza sauti ya gitaa kwa umeme, kodi yenye sauti tatu huanza kugombana yenyewe kwa yenyewe ikawa uji, lakini hizo mbili zinaelewana. Faida nyingine ni kwamba vidole havibadilishi umbo. Unalitelezesha umbo lile lile juu na chini ya shingo ya gitaa, basi. Ndiyo maana kijana aliyeshika gitaa mwezi uliopita anaweza kupiga nyimbo za bendi anayoihusudu.

Lakini tazama kilichotokea. Gitaa limeacha kukuambia ucheke au ulie. Kazi hiyo imemwangukia mwimbaji, maana tuni anayoiimba ndiyo inayoirudisha ile mi iliyong'olewa. Mpiga besi akimpokea kwa sauti ya pili juu yake, na katika bendi hizi humpokea mara nyingi, umeshapata kwaya ya watu wawili imesimama juu ya ukuta wa matofali. Rafiki yangu hakukosea hata kidogo. Alidhani tu amegundua kasoro, kumbe ameigusa nguzo.

Halafu kuna kiganja. Sikiliza ubeti wowote wa pop-panki kwa makini: gitaa linatoa mlio uliozibwa, tuk-tuk-tuk-tuk, kama mtu anayegonga mlango akiwa amevaa glavu. Mpigaji amelaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi. Kiitikio kinapofika anakiinua. Hakuna aliyeongeza sauti kwenye mashine, hakuna chombo kipya kilichoingia, lakini unahisi dirisha limefunguliwa na upepo umeingia. Hila hii ni ya zamani na naijua vizuri, na bado hunipata kila mara.

Kuhusu lawama kwamba nyimbo zote zinafanana: ni kweli, nyingi zinazunguka kodi nne zile zile, ya do, ya so, ya la na ya fa, mara kwa mpangilio huo huo. Mimi sioni kosa. Mshairi anayetunga shairi la mishororo minne, mizani nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho, hatuulizi kwa nini ameazima umbo la wengine. Tunatazama amelitia nini. Anayesikia pop-panki kwa mara ya kwanza husikia umbo tu, kwa hiyo zote ni moja. Anayeizoea huacha kulisikia umbo, akaanza kuwasikia watu.

Rafiki wa tatu, wa nyimbo fupi, namjibu kwa hesabu. Albamu ya kwanza ya Ramones, ya 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Descendents wa California walitoa 1981 wimbo kuhusu kupenda chakula usiofika sekunde 20. Huu si uvivu. Toa solo, toa utangulizi, piga mapigo 180 kwa dakika, na maneno yaliyohitaji dakika nne yanakwisha kwa mbili. Pia mtu ambaye wimbo umemwishia mdomoni hufanya jambo moja la asili: anaurudia. Bendi inajua.

Na kurudia ndiko kunakonatisha. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa kukutana nacho tu mara kwa mara, hata kama ni maumbo yasiyo na maana kwao. Wimbo wa dakika mbili wenye kiitikio mara tatu, ukiurudia mara mbili, umeshakutana nacho mara tisa kabla chai haijapoa. Lakini kurudia peke yake hakutoshi, la sivyo kila honi ya gari ingekuwa kibao. Utafiti uliochapishwa 2016 na Kelly Jakubowski na wenzake, uliokusanya majibu ya watu wapatao 3,000 kuhusu nyimbo zinazowaganda kichwani, ulikuta kwamba nyimbo hizo huelekea kuwa za kasi, zenye tuni ya umbo la kawaida linalopanda na kushuka kama nyimbo za watoto, halafu mahali fulani zina kitu kisicho cha kawaida, labda mruko wa ghafla au noti inayorudiwa kuliko ulivyotegemea.

Nenda nayo kwenye wimbo wa pili wa albamu yangu. Wanaimba Kiingereza, tafsiri ni yangu. Kiitikio ni neno moja, "sawa", linaimbwa mara tatu kwa noti moja, bapa, kama mtu anayemjibu mama yake bila kuinua macho. Mara ya nne linaruka juu ghafla, sauti inakaribia kupasuka, kisha linateleza chini taratibu. Sawa, sawa, sawa, SAA-wa. Ndiyo hiyo tu. Mbio, umbo unalolitabiri, kisha kikwazo kimoja kidogo cha kujikwaa. Kibwagizo cha shairi hufanya kazi ya namna hiyo kwa sikio: unajua kinakuja, na bado unakisubiri.

Sasa swali gumu, la komedi au muziki.

Nitausimulia wimbo wa nne, maana ndio ulionichekesha. Kuna kijana ameamua kumwacha mpenzi wake. Amefanya mazoezi mbele ya kioo siku tatu. Ameandika hoja zake kwenye kiganja kwa kalamu ili asisahau. Beti zinakwenda mbio, gitaa limezibwa, tuk-tuk-tuk, ameshuka kwenye basi, amegonga mlango, jasho limemtoka, wino umeyeyuka, anatazama kiganja na kuona doa la bluu. Mpenzi anafungua mlango na kusema neno la kwanza, na neno lenyewe ni kwamba yeye anamwacha. Vyombo vyote vinakata. Kimya, mapigo manne. Kisha mwimbaji, peke yake, kwa sauti ya mtu aliyekatishwa kwenye mkutano: "Lakini nilikuwa naanza mimi." Na vyombo vyote vinarudi kwa kishindo.

Nimeusikiliza nikihesabu. Kimya hicho kingekuwa mapigo mawili, usingewahi kuelewa kilichotokea mlangoni. Kingekuwa manane, ungeshalibuni jibu na kicheko kingekufa. Mchekeshaji na mpiga dramu wanagawana ujuzi mmoja, kujua kusubiri kiasi gani. Ndiyo maana swali la komedi au muziki linakosea tangu linapoanza. Mzaha haukubandikwa juu ya wimbo kama stika. Dramu ndiyo inayousema.

Uzushi unaofuata unasema kwamba anayetania hana la maana la kusema. Tuna methali yetu kuhusu jambo hili, mzaha mzaha hutumbua usaha, nasi huitumia kumwonya mtu aache masihara kabla hayajaleta balaa. Nimekuwa nikiifikiria kwa upande wa pili. Jipu lenye usaha linahitaji kutumbuliwa. Kijana wa wimbo wa nne, ukimsikiliza mara ya tatu, hachekeshi tena sana. Amepigwa kibuti. Alitaka walau heshima ya kuwa yeye aliyeacha, na hata hiyo amenyang'anywa. Angeimba hivyo waziwazi, kwa piano na machozi, ningemwonea huruma nikabadilisha wimbo. Kwa kuwa amenichekesha kwanza, nimeshamfungulia mlango, na ndipo naye akaingia na mzigo wake.

Huu ni ujanja wa tangu zamani katika muziki huu. Albamu ya kwanza ya Descendents, ya 1982, inatangaza kwenye jina lake kwamba Milo anakwenda chuoni, na haikuwa hadithi: mwimbaji wao Milo Aukerman alikuwa anakwenda kusoma kweli, na baadaye akapata udaktari katika biolojia. Toy Dolls wa Sunderland, Uingereza, waliuchukua wimbo wa watoto kuhusu tembo, wakaupiga kwa kasi ya wazimu, na 1984 ukafika nafasi ya nne katika chati za Uingereza. Osaka, Japani, wanawake wa Shonen Knife wamekuwa wakiimba kuhusu vyakula na wanyama tangu 1981. Hata namba iliyo kwenye jina la Blink-182 ipo kwa sababu bendi nyingine, ya Ireland, ilikuwa tayari inaitwa Blink. Wakaongeza 182, kisha wakawa wanampa kila anayeuliza maana ya namba hiyo jibu tofauti.

Sitaficha upande mbaya. Sehemu ya utani wa pop-panki, hasa ule wa mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, umeoza. Kuna nyimbo ambazo mzaha wake wote ni kumdhalilisha msichana aliyekataa, na mwimbaji wa miaka 25 anayelalama kama wa miaka 13 anageuka kutoka kuchekesha hadi kuchosha. Kipimo changu ni kuangalia nani ameanguka kwenye ganda la ndizi. Akiwa ni anayeimba, tunacheka pamoja. Akiwa amemsukuma mtu mwingine, ananipoteza. Linda Lindas, wasichana wa Los Angeles waliojulikana 2021 kwa video iliyorekodiwa maktaba, wanaonyesha kwamba hasira na uchangamfu vinaweza kukaa chumba kimoja bila kumwonea mtu.

Albamu ya kwanza nayo ina mkanganyiko wake, na huu ni wa maneno. Kurekodi kwa mara ya kwanza si sawa na kutoa albamu ya kwanza. Kuna demo, yaani rekodi ya majaribio, mara nyingi ya chumbani, ya kuwasikilizisha watu wachache. Kuna singo, wimbo mmoja unaotolewa peke yake. Kuna toleo fupi la nyimbo nne au tano. Mfano wake ni Buzzcocks, ambao mwanzoni mwa 1977 walitoa nyimbo nne wenyewe, bila lebo kubwa, yaani kampuni ya kurekodi na kusambaza muziki, kwa pesa za kukopa kwa watu wao wa karibu. Albamu ni kazi nzima, na ya kwanza huja mara nyingi baada ya miaka ya hizo nyingine zote. Dookie ya Green Day, iliyouza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani, wengi waliipokea 1994 kama ya bendi mpya. Ilikuwa albamu yao ya tatu. Ya kwanza ilitoka 1990 chini ya lebo ndogo. Blink-182 vilevile: dunia iliwapokea 1999, nao walikuwa na albamu tangu 1995.

Kwa hiyo albamu ya kwanza ya bendi isiyojulikana ni kitu adimu kuliko inavyoonekana. Wanamuziki wana msemo kwamba albamu ya kwanza unapewa maisha yako yote kuiandika, na ya pili miezi sita. Nyimbo 12 ninazozisikiliza hazikuandikwa 12. Pengine ziliandikwa 40, zikapigwa mbele ya watu 20 kwenye ukumbi wenye harufu ya soksi, na zile ambazo hakuna aliyecheka zikaachwa njiani. Utani una faida hii juu ya huzuni: ukibuma unajua usiku ule ule. Wimbo wa huzuni usiogusa mtu unaweza kuishi miaka mwandishi wake akijidanganya kwamba hadhira haijakomaa.

Ukisikiliza kwa makini unaisikia pia hali yao ya fedha. Dramu zinavuma kama zimerekodiwa chooni, na katika wimbo wa saba kuna mtu anakohoa kabla ya ubeti wa pili, nao wamemwacha. Prodyuza ghali angemfuta. Hili halipaswi kukutisha. Ile albamu ya kwanza ya Ramones ilirekodiwa kwa muda wa kama wiki moja kwa gharama ya dola zipatazo 6,400, na muziki huu unavumilia umaskini kuliko muziki mwingi, kwa sababu haukutegemea kunong'ona.

Imebaki hoja ya rafiki yangu wa nne, mbona hawajulikani. Ndani yake kuna imani kwamba muziki mzuri hupanda wenyewe kama mafuta kwenye maji. Ramones, hao hao ambao leo fulana zao zinavaliwa na watu wasiojua hata wimbo mmoja, walitoa albamu hiyo ikaishia nafasi ya 111 katika chati ya Billboard. Cheti cha dhahabu kwa mauzo ya Marekani kilikuja 2014. Miaka 38. Waanzilishi watatu kati ya wanne walikuwa wameshakufa.

Kuna wengine ambao kutojulikana walikuchagua, au walau walikulinda. Ukumbi wa 924 Gilman Street, Berkeley, ambamo Green Day walikulia, ulikuwa na sheria ya kutopokea bendi zilizosaini na lebo kubwa. Green Day waliposaini, mlango ukafungwa kwao, na hawakupiga tena pale hadi 2015. Ndiyo maana utasikia mashabiki wa panki wakimtuhumu mtu kwamba amejiuza, na ndiyo maana bendi ya andagraundi haioni aibu kubaki andagraundi. Binafsi naona ugomvi huo umepitwa na wakati. Lebo kubwa hazigongi tena milango mingi hivyo, kwa hiyo wa kukataa ni wachache.

Siku hizi kinachoificha bendi ni wingi tu, pamoja na hesabu. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huuhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi, yaani malipo ya mwenye rekodi kila wimbo unaposikilizwa. Bendi kama ya kwangu inaweza kuwa na nyimbo 12 hewani na zote zikawa chini ya mstari huo. Ndiyo maana nyingi huuza pia Bandcamp, mtandao ulioanza 2008, ambako msikilizaji hununua albamu moja kwa moja na mtandao hukata asilimia 15. Nunua moja pale na umeifanyia bendi jambo ambalo kuusikiliza wimbo mara mia kwingine hakufanyi. Mimi nilinunua yangu siku ya tatu, nikaambatanisha ujumbe wa kuuliza nani alikohoa. Hawajajibu.

Wao wenyewe hesabu hizi wanazijua kuliko mimi. Wimbo wa tisa una sekunde 24. Unaanza kwa kishindo, kodi zote nne, dramu zinakimbia, na wote watatu wanaimba mstari mmoja kwa sauti tatu safi za kwaya: "Huu hatulipwi, kwa hiyo tunaimba tunavyotaka." Unakatika katikati ya neno la mwisho. Ndio nilioupiga kuliko zote kumi na mbili, na kwa hesabu ya Spotify sijausikiliza hata mara moja.